Miti Mikongwe ya Epping na Haki ya Kuni



Vijana wetu waliohamia Uingereza, khasa wale wakaao Walthamstow, Leyton na Ilford, wana neema moja karibu na milango yao ambayo wengi wao hawaijui khabari yake. Nayo ni msitu wa Epping, uanzao karibu na Manor Park, ndani ya London, ukaenda upande wa kaskazini mwendo wa maili 12 hivi mpaka karibu na mji wa Epping katika jimbo la Essex. Ukubwa wake wapata eka 6,000. Mmoja wa vijana hao, tuliyemsomesha Juzuu ya Amma yeye na ndugu zake, alituletea picha za miti ya huko, na pamoja nazo swali. Amewaona wafanyakazi wa msitu wakiikata vichwa miti yenye umri wa mamia ya miaka. Je, huo si ufisadi katika ardhi, ambao tumekatazwa?

Twaona swali hili lastahili kujibiwa mbele ya wasomaji wote, maana jibu lake si lile lijalo ulimini kwanza.

Tuitazame miti yenyewe. Shina ni nene, lenye vinundu na mashimo, na aghalabu ndani yake ni tupu kabisa. Lapanda kupita kimo cha mtu, kisha hapo kwa ghafla lagawanyika matawi mengi kama vidole vya mkono ulionyoshwa juu. Miti ya umbo hili ndani ya Epping yapita 50,000. Mingine ni mialoni, mingine ni ile iitwayo biichi, yenye gome laini la rangi ya jivu, na mingine ni honibimu, ambao mti wake ni mgumu mno. Na Waingereza hawauiti msitu kuwa ni wa kale ila uwe mahali pake pamekuwa na miti mfululizo tangu mwaka 1600 au kabla yake.

Umbo lile halikuletwa na maumbile. Limeletwa na shoka. Watu wa vijiji vya kando ya msitu walikuwa na haki ya kupogoa matawi kwa ajili ya kuni za baridi. Lau wangaliukata mti chini kabisa, ng'ombe na paa wangaliyala machipukizi yote. Kwa hiyo wakakata juu, pasipofikiwa na mdomo wa mnyama. Mti ukachipua, na baada ya miaka kadha wakapogoa tena. Mwenye kuujua mjohoro wetu, jinsi ukatwavyo kwa kuni ukachipua, hatastaajabu. La ajabu ni kuwa mti uliopogolewa hivyo huishi zaidi kuliko nduguye ambaye hakuguswa, kwa sababu kichwa chake ni chepesi na upepo haupati pa kuushika. Shina lazeeka, na matawi yabaki vijana.

Basi katika kijiji cha Loughton, haki hiyo ilianza usiku wa manane wa tarehe 11 Novemba ikaendelea mpaka tarehe 23 Aprili. Katika miaka ya 1860 padre Maitland, ambaye pia ndiye aliyekuwa bwana wa ardhi ya pale, alizungushia ua zaidi ya eka elfu moja za msitu. Mkata kuni mmoja, Thomas Willingale, hakukubali. Yeye na jamaa zake waliendelea kupogoa kama baba zao walivyofanya, na mwaka 1866 watatu katika jamaa zake wakafungwa gerezani. Jambo likawa kubwa. Mwaka 1871 Halmashauri ya Jiji la London iliingia katika kesi kuwapinga wenye kuzungusha ua, na mwaka 1874 jaji Sir George Jessel akahukumu kuwa nyua zile zilikuwa kinyume cha sheria. Sheria ya Msitu wa Epping ikapitishwa mwaka 1878, na tarehe 6 Mei 1882 Malkia Victoria akafika High Beach kuufungua msitu kwa watu wote.

Wengi huimaliza hadithi hapo kwa furaha. Sisi hatukuweza. Sheria ile ile iliyouokoa msitu ndiyo iliyoiondoa haki ya kupogoa. Watu wa Loughton walilipwa fidia ya pauni 7,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikajenga jumba la mikutano, Lopping Hall, lililofunguliwa mwaka 1884. Jumba ni jambo zuri, lakini maskini hapikii jumba. Waliofungwa kwa ajili ya kuni waliuokoa msitu ukawa wa watu kutembea.

Mtume wetu (s.a.w.) alitufunza kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto, na wanavyuoni wengine wameueleza moto huo kuwa ni kuni. Na Sayyidna Umar (r.a.) alipomweka Hunayy kuwa mlinzi wa hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa, alimwusia aiogope dua ya aliyedhulumiwa, na amwachie aingie mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, lakini si makundi ya Ibn Awf na Ibn Affan, kwani hao mifugo yao ikifa, wana mitende na mashamba ya kurejea. Hima haikuwa kumfungia mlango mnyonge. Ilikuwa kumtanguliza.

Na miti nayo ilipatwa na taabu. Shoka lilipokoma, matawi yaliyokuwa ya kuni yakawa makubwa kama miti mizima juu ya shina tupu, na upepo ukayapasua. Biichi zikatia kivuli kizito, na mimea ya chini ikafa kwa kukosa jua. Ndiyo sababu wasimamizi wa Epping wamerejea kupogoa, na kuleta ng'ombe wenye pembe ndefu walishe kama zamani. Lakini mti uliokaa zaidi ya miaka mia bila kuguswa haufai kukatwa kichwa kwa mara moja, maana waweza kufa. Hupunguzwa kidogo, ukaachwa miaka, kisha kidogo tena. Vigogo vilivyokufa huachwa vioze, kwani ndani yake hukaa viluwiluwi vya mdudu mkubwa mweusi, mfano wa chonga wa minazi, ambaye dume lake lina taya kama pembe.

Kwa hiyo, mwanetu, ulioyaona hayakuwa ufisadi, bali matibabu. Wachukue wanao High Beach siku ya mapumziko, uwaonyeshe pale shina linapogawanyika. Hapo ndipo shoka la wazee wa Loughton lilipokuwa likipita. Na uwakataze kuingia ndani ya mashina yaliyo tupu, kwani watoto wengi wakiyakanyaga, udongo hushindiliwa na mizizi hukosa pumzi.