PIKIPIKI YA MZEE, sehemu ya 3: Muulize mgonjwa mwenyewe

Mnaoniuliza kila siku kama Honda ya mzee imewaka, tulieni. Haijawaka. Ila leo injini imezunguka, na nataka niwaeleze ilivyokuwa.

Kwa wageni: niko likizo nyumbani Likawage. Baba alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia hauna nguvu na maneno yanatoka kwa shida. Bandani kuna CG125 yake ambayo haijatembea tangu 2011. Kiki haishuki hata kidogo. Kaka yangu ni bodaboda, na alishatoa hukumu miaka mingi: "Sista, hiyo imenoki. Mzee aliiendesha bila oili. Wape watu wa chuma chakavu."

Nami nikaamini! Nikaanza kupiga hesabu ya pistoni mpya na kuchongesha silinda. Yaani mimi, ambaye wodini nawasema wanafunzi wakianza tiba kabla ya kuchukua historia ya mgonjwa, nilichukua historia kwa kaka. Mwenye pikipiki yuko hapo barazani, sikumuuliza.

Juzi asubuhi, wakati wa uji, nikamuuliza. "Baba, siku ya mwisho, ilizimika yenyewe?"

Kimya. Nikataka kumjibia, ule ugonjwa wetu wauguzi. Nikajizuia, nikahesabu kimoyomoyo. Nimefika thelathini na kitu ndipo akasema, "Nili... zima... mwenyewe." Halafu: "Plagi."

Ilichukua karibu nusu saa kuipata yote. Jirani alikuja usiku, mkewe ana uchungu, pikipiki yake ya Kichina imegoma. Baba akachomoa plagi yake akampa. Tundu akaliziba kwa kitambaa. Plagi haikurudi, magoti yakaanza kumsumbua, akaacha kuendesha. Na paa la banda linavuja, sote tunajua.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Miaka yote hiyo alikuwa anasimulia watu kwamba mzee aliua injini kwa uzembe. Hakusema kitu. Akaenda kutafuta spana.

Sasa kwa nini jibu hilo lilibadilisha kila kitu? Injini iliyonoki kwa kukosa oili imekufa ikiwa inafanya kazi: joto limepanda, pistoni ya aluminiamu imejipaka kwenye ukuta wa silinda. Hiyo huna budi kuifungua. Iliyolala ikaingiwa na unyevu ni kesi nyingine. Ringi za chuma zimeshikana na silinda kwa kutu, lakini pistoni inaweza kuwa nzima. Hiyo unailoweka na kuisubiri.

Tukamwaga oili ya zamani. Nikachanganya dizeli na ATF, ile oili nyekundu ya gia boksi za magari ya otomatiki, nusu kwa nusu. Asubuhi na jioni nikaingiza mililita 20 kwa sirinji kupitia tundu la plagi. (Sirinji nilinunua kwa hela yangu, msije mkanisema.) Kiki hatukuigusa, maana ukiirukia kwa nguvu unavunja meno ya gia zake. Tukaiweka stendi ya katikati, gia ya juu kabisa, kaka akawa anatikisa gurudumu la nyuma mbele na nyuma, polepole. Kwenye gia ya juu gurudumu lina nguvu zaidi ya kuigeuza krenki.

Jana, hakuna kitu. Leo asubuhi, hakuna. Mchana kaka akaleta nyundo. Baba akanyanyua mkono wa kushoto, akasema neno moja, na safari hii lilitoka lote: "Acha."

Saa kumi jioni tukasikia "tk". Gurudumu likasogea upana wa kidole. Hatukulazimisha. Tukarudisha nyuma, nikaongeza dawa, tukaendelea. Kabla ya magharibi lilikuwa linazunguka mzunguko mzima na uchafu wa kahawia unaruka kutoka tundu la plagi.

Mkijaribu, angalieni mambo mawili. Kwanza, zungusheni injini plagi ikiwa nje hadi ule mchanganyiko utoke, kwa sababu kimiminika hakibanwi kama hewa na kinaweza kupinda mkono wa pistoni. Pili, mwingine unapita kwenye ringi na kushuka chini, kwa hiyo mwageni tena na mtie oili mpya kabla ya kuiwasha. Kutu ikiwa imechimba silinda, hamtakwepa kufungua. Hata yetu bado sijui.

Jambo jema ni kwamba vipuri havisumbui. Honda walianza kuitoa CG125 mwaka 1976, vali zake zinasukumwa na vijiti badala ya cheni ili ivumilie matunzo haba, na injini nyingi za bodaboda za Kichina zimefuata muundo huo. Ndiyo maana plagi ya baba iliingia kwa jirani.

Mtoto aliyezaliwa usiku ule sasa ni kijana mkubwa. Jioni alikuja kuangalia, na hajui kwa nini baba alimkazia macho vile.

Kaka hajaomba radhi kwa mdomo. Ila wakati wa kufunika injini alienda barazani, akachuchumaa, akasema, "Mzee, kesho tunaanza na kabureta au tunaangalia umeme kwanza?" Halafu akakaa kimya, akasubiri.

Baba alichukua muda wake. "Plagi," akasema. "Mmenunua?"

Hatujanunua! Usiku mwema wapendwa.