Bei ya Kusema La

Ukisikia mwanasiasa kauza kura yake, unawaza bahasha inayopitishwa chini ya meza. Nami nilikuwa nikiwaza hivyo, mpaka nikaanza kusoma habari za Bunge la Ireland la karne ya 18. Kule Dublin bahasha haikuwa lazima. Biashara ilifanywa mchana kweupe, na sarafu yake ilikuwa kazi.

Gavana alitumwa kutoka London. Alikuta wabunge 300, wote Waprotestanti, na wengi hawakumwia lolote. Ili miswada ya fedha ipite, alihitaji watu wenye ulimi, yaani mawakili. Juu kabisa walikuwa watatu: Prime Serjeant, wakili wa kwanza wa Mfalme nchini humo, kisha Mwanasheria Mkuu na msaidizi wake. Walilipwa na serikali na mbele yao waliona kiti cha jaji kikiwangoja. Itetee serikali, upande. Ipinge, kesho ofisi ina mwenyewe mwingine.

Anthony Malone aliionja hiyo. Mwaka 1753 akiwa Prime Serjeant, alisimama na wapinzani kuhusu mswada wa fedha, mswada ukaanguka. Mwaka 1754 akafutwa.

John Hely-Hutchinson alisoma somo hilo kinyume. Aliingia Bungeni 1759 akiipiga serikali makombora, na muda si muda akawa Prime Serjeant. Hakutosheka. Mwaka 1774 alipewa ukuu wa Trinity College, kiti kilichozoeleka kuwa cha watu wa kanisa, naye alikuwa wakili tu. Mimi niliyeacha chuo nilicheka kidogo hapo. Lakini mtu huyohuyo aliandika kitabu mwaka 1779 akieleza jinsi sheria za Uingereza zilivyoibana biashara ya Ireland, tena akawatetea Wakatoliki. Sasa utamweka wapi? Mlafi alikuwa, na bado alisema kweli.

Anayenisumbua zaidi ni Walter Hussey Burgh. Novemba 1779 alikuwa Prime Serjeant, na serikali ilitaka kodi mpya huku Ireland ikidai uhuru wa kufanya biashara. Burgh alisimama akaishambulia serikali iliyomwajiri, kisha akajiuzulu. Mwezi uliofuata London ilianza kulegeza kamba.

Ningependa hadithi iishie hapo, lakini haiishii. Mwaka 1782 serikali ilibadilika, Burgh akarudishiwa cheo chake, halafu akapandishwa kuwa mkuu wa majaji wa Mahakama ya Hazina. Mwaka 1783 akafa, akiacha madeni. Kumbe hata "la" yake ilikuja kulipwa cheo. Je, hilo linaifuta? Sidhani. Siku aliyojiuzulu hakuwa na hakika kwamba upepo ungegeuka.

Naishi kwa vibarua vya kuandika, na mara nyingi anayelipa ndiye anayejua anachotaka kusomewa. Kwa hiyo siwezi kuwacheka hawa watu kwa mbali. Kodi ya nyumba haiulizi msimamo wako.

Hata sisi tulirithi cheo hiki kwa Waingereza. Kabla ya Katiba ya 2010, Mwanasheria Mkuu wa Kenya alikuwa mbunge kwa sababu ya wadhifa wake. Tukamtoa Bungeni, na nadhani tulifanya vyema: si kwamba mawakili wetu ni wabaya, bali mtu asiwekwe kila siku mahali ambapo ulimi wake na mkate wake vinavutana.

Dublin haikupata nafasi ya kujirekebisha. Mwaka 1799 Prime Serjeant James Fitzgerald alikataa kuunga mkono Muungano na Uingereza, akafutwa. Nafasi yake alipewa St George Daly, aliyeukubali, na mwaka 1801 Daly akawa jaji. Kufikia hapo Bunge lenyewe lilikuwa limepiga kura ya kujifuta. Jengo lake sasa ni benki.