Ukoko wa Mama



Juma hili tumepokea kifurushi kutoka Japani, na ndani yake mna vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Mtu yeyote wa Isaka akivitazama atasema mara moja kwamba haya ni matobolwa. Huko huitwa hoshi-imo, yaani viazi vya kukaushwa. Aliyevituma alikuwa mgeni wetu miaka kadhaa iliyopita, na tangu kifurushi kifike tumekuwa tukimtaja kila tunapoketi mezani. Basi turuhusuni leo tuwasimulie habari zake, na zaidi habari za mlo mmoja tuliokula naye.

Kabla yake, sisi tuliijua Japani kwa magari tu. Malori yanayopakia mizigo katika bandari kavu yetu huelekea Rwanda kupitia daraja la Rusumo, lililojengwa kwa msaada wa Wajapani na kuzinduliwa mwaka 2016. Nazo Hiace na Fuso zetu hufika zikiwa bado na maandishi ya kwao ubavuni. Gari letu la utume, kila tulipoliwasha, lilitamka maneno kwa sauti nyororo ya kike. Tuliamini linatusalimu, na mmoja wetu alikuwa na desturi ya kuliitikia. Mgeni alipolipanda mara ya kwanza alicheka hadi akafuta machozi. Kumbe lilikuwa likitukumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa! Miaka sita tulikuwa tumeitikia salamu isiyokuwapo.

Alikuwa binti aliyekuja kufundisha hisabati, mmoja wa wale vijana wa kujitolea ambao Japani ilianza kuwaleta nchini mwetu mwaka 1967. Siku za Jumapili alikula nasi. Sokoni, alipoona matobolwa kwa mara ya kwanza, alisimama akauliza hutengenezwaje. Mama muuzaji akamweleza kwamba viazi huchemshwa kwanza, hukatwa vipande, kisha huanikwa juani. Vikikatwa na kuanikwa vikiwa vibichi huwa michembe. Akanunua fungu moja, akatafuna kipande, akanyamaza kwa muda mrefu. Baadaye alituambia kwamba bibi yake, mkulima wa mkoa wa Ibaraki, huanika viazi namna hiyo hiyo wakati wa baridi, na kwamba hakutegemea kukutana na bibi yake katika soko la Isaka.

Tulijifunza pia kwamba Kijapani, kama Kiswahili, hakikubali kuuita mchele kwa jina moja. Mpunga shambani ni ine, mchele ni kome, na wali ni gohan, neno ambalo humaanisha pia mlo wenyewe. (Hapo Wasukuma tulipinga kidogo, kwa kuwa wapo miongoni mwetu ambao wakila wali bila ugali husema bado hawajala.) Akataka kutupikia matonge ya kwao yaitwayo onigiri, ambayo hufinyangwa kwa viganja vilivyoloweshwa maji na kupakwa chumvi. Lakini mchele wa majaruba yetu una punje ndefu zinazopenda kuachana, nao wa Japani una punje fupi zinazoshikamana. Tonge la kwanza likamwagika. Akaongeza maji, tukapata mashendea. Mara ya tatu matonge yalisimama kwa shida, yakiwa na dagaa wa Mwanza ndani yake, nasi tukayala kwa haraka kabla hayajabadili nia. Vichwa vya dagaa na matumbo yake alikuwa ameviondoa kimoja kimoja, kama wafanyavyo kwao wanapotengeneza supu ya dagaa wakavu, ili uchungu usibaki.

Lililotugusa sisi Wakatoliki ni kwamba Wajapani nao husema Misa, neno hilo hilo. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India, na tarehe 15 Agosti 1549 akatia nanga Kagoshima. Meli za Wareno zilimwaga maneno pande zote mbili za bahari: sisi tukapata tumbako, wao wakapata tabako. Hata tempura, samaki na mboga za kukaangwa ndani ya unga, wengi husema jina lake limetokana na siku za kufunga ambazo Wareno hawakula nyama. Kisha ikaja marufuku ya mwaka 1614, na waamini wa huko wakaishi kwa siri vizazi na vizazi bila padri, wakifundishana sala majumbani, hadi kundi mojawapo lilipojitokeza kwa padri Mfaransa mjini Nagasaki mwaka 1865. Mgeni wetu hakuwa Mkristo, lakini habari hiyo aliijua kuliko sisi.

Sasa tuje kwenye mlo wenyewe. Ilikuwa Jumapili, na safari hii aliyepika ni Mama, mpishi wetu wa miaka mingi: wali, samaki, mchicha. Kabla ya kula, mgeni aliunganisha viganja akasema itadakimasu, maana yake napokea kwa unyenyekevu. Asili ya neno hilo, alisema, ni kukiinua kitu juu ya kichwa chako unapopewa. Tukamwonyesha jinsi Wasukuma wanavyopokea kwa mikono miwili, akafurahi. Baada ya kula akasema neno jingine, gochisosama. Tukamwuliza maana yake. Akafikiri, kisha akasema kwamba ndani yake mna mbio: ni kumshukuru yule aliyekimbia huku na huko ili chakula kipatikane.

Mmoja wetu akajibu, kwa ukarimu wote, “Karibu sana, binti yetu.”

Akatutazama. “Samahani, Padri. Nani alikimbia?”

Hatukuwa na jibu la haraka. Akainuka, akaenda jikoni, nasi tukamfuata hadi mlangoni. Alimwinamia Mama, akalirudia lile neno, akalieleza kwa Kiswahili chake, kisha akamwuliza leo alikimbilia wapi. Mama alidhani anataniwa. Alipoona sivyo, akaeleza. Bomba lilikuwa kavu tangu Ijumaa, hivyo alikwenda kisimani mara mbili kabla ya Misa ya kwanza. Samaki aliwakosa sokoni akawafuata stesheni. Mkaa ulikuwa umelowa. Alisema hayo bila kulalamika, kama mtu anayetaja majina ya watoto wake. Sisi tulikuwa tumekula mikononi mwake miaka kumi na moja, na hatukuwahi kuuliza hata maji yametoka wapi.

Kisha mgeni akaona sufuria. Akachukua mwiko, akaanza kukwangua ukoko kwa furaha, akituambia kwamba kwao huitwa okoge na watoto huugombania. Akaumega vipande viwili, kimoja akampa Mama.

Tukasema, tukidhani tunamsaidia, “Mpe wote. Mama hupenda ukoko.”

Maana ndivyo tulivyojua. Kila siku, sahani zikishatoka, tulimwona ameketi kwenye kigoda na ile sufuria.

Mama akatabasamu, akamgeukia mgeni wala si sisi. “Mwanangu,” alisema, “mimi sijawahi kusema naupenda. Ndio uliokuwa ukibaki.”

Hakuna aliyesema neno. Mgeni aliangalia chini. Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, na utingo akipiga kelele, “Njoo, njoo, njoo.”

Jumapili iliyofuata tuliongeza kiti. Mama alikataa mara mbili, akakubali ya tatu, akaketi ukingoni kama abiria anayekaribia kushuka. Ukoko tuliuleta mezani, tukaugawana sote. Ulikuwa mgumu, na upande mmoja ulikuwa umeungua.

Matobolwa haya ya Ibaraki tumempelekea kwanza yeye. Ameyaonja, akasema ni mazuri, ila wangeyaacha juani siku mbili zaidi.