MATEMBEZI YA MAGOMENI: NGOZI YA MTOTO, JUA NA MBU

Mtu atokaye bara kwa barabara ya Morogoro hupita Magomeni kabla hajafika katikati ya mji wa Dar es Salaam. Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yana njia yao katikati ya barabara hiyo. Ukishuka Magomeni Mapipa na kuingia ndani kidogo, utaziona nyumba za chini za desturi ya pwani: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Mbele yako ni bonde la Msimbazi, na ng'ambo ya bonde ni Kariakoo.

Magomeni si mahali pageni kwetu Wakatoliki. Mwalimu Julius Nyerere, baada ya kuacha kufundisha Pugu mwaka 1955, aliishi hapa na Mama Maria na watoto wao kabla ya Uhuru wa 1961. Nyumba yake imehifadhiwa, nayo ni makumbusho. Lakini safari hii nilikwenda kutazama jambo la nyumbani zaidi, yaani jinsi akina mama wa mtaa huu wanavyolinda ngozi za watoto wao. Jua lao ndilo jua letu, na mbu wao ndio mbu wetu.

Katika baraza moja nilimkuta bibi mmoja ameketi mkekani na wajukuu wawili, mmoja mchanga, mwingine wa miaka kama minne.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu kivulini."

Nilikaa, na muda si mrefu bibi akainuka, akauvuta mkeka hatua mbili. Baada ya kitambo akauvuta tena. Kumbe alikuwa akikifuata kivuli! Hiyo ndiyo dawa ya kwanza, nayo haina bei. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba kuliko yetu, huungua upesi na kupoteza maji upesi. Asiyetimiza miezi sita asianikwe juani, wala asipakwe ovyo mafuta ya kuzuia jua. Yeye akae kivulini tu. Hapa Dar es Salaam jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na tena katikati ya Oktoba. Saa sita ya siku hizo ukuta hauna kivuli cha kumfaa mtu.

Asiye na saa atumie kipimo hiki: akiona kivuli cha mtoto ni kifupi kuliko mtoto mwenyewe, amwingize ndani au chini ya mwembe. Kwa kawaida saa za hatari ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri.

Yule mjukuu wa miaka minne alikuwa mwenye ualbino. Alivaa kofia pana na shati la mikono mirefu, ingawa tulikuwa barazani. Bibi akaniambia, "Wengine jua huwachoma, baba. Huyu humla."

Neno lake ni kweli tupu. Rangi ya ngozi ndiyo ngao aliyotupa Mungu dhidi ya jua, na mtoto huyu amezaliwa nayo kidogo sana au hana kabisa. Nchini Tanzania inakadiriwa kuwa mtoto mmoja katika kila 1,400 huzaliwa hivyo. Si laana, wala si kosa la mama: kwa kawaida baba na mama wote wawili humrithisha, hata kama wao wenyewe ni weusi. Walakini asipolindwa tangu utotoni, jua humharibu kidogo kidogo, na saratani ya ngozi huweza kumpata angali kijana. Mwisho wa njia hiyo ni hospitali ya saratani ya Ocean Road, kule ufukoni, ambako wengi hufika wamechelewa. Kwa hiyo kidonda kisichopona usoni, sikioni au shingoni kisisubiri mavuno yaishe. Mpelekeni mgonjwa zahanati mara moja.

Kinga yake ni nguo kwanza, mafuta baadaye. Nilivuka bonde mpaka Kariakoo, nikaona kofia za kila namna. Ile yenye ukingo mbele tu haifai, maana masikio na shingo hubaki wazi. Chagueni yenye ukingo pande zote. Kitambaa nacho kishikeni juu mbele ya mwanga: kama mnaona upande wa pili, jua nalo litaona. Mafuta ya kuzuia jua yawe ya namba 30 au zaidi, yapakwe kabla ya kutoka, kisha yarudiwe kila baada ya saa mbili. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizeni kliniki ya ngozi au chama cha watu wenye ualbino cha wilaya yenu. Bali msidanganyike na mkorogo wa kung'arisha ngozi. Huo huivua ngozi ngao yake, tena ni sumu kwa mtoto.

Na mbu je? Jina la Mapipa lilinikumbusha jambo. Mwaka 2014 homa ya dengue iliwasumbua sana watu wa Dar es Salaam, na mwaka 2019 ikarudi. Mbu wake ana mabaka meupe miguuni, huuma mchana, na huzaa katika maji yaliyotuama ya pipa lisilofunikwa, kopo, tairi bovu, hata kifuu cha nazi. Mbu wa malaria huuma usiku. Basi chandarua kisingoje giza: mtoto alalapo mchana, afunikwe nacho pia. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu asipakwe mtoto wa chini ya miezi miwili. Mkubwa kidogo apakwe na mzazi, si mikononi, wala karibu na macho na mdomo. Mafuta ya taa si dawa ya ngozi hata kidogo.

Wako wadudu wengine. Yuko nzi atagaye mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini au chini, na funza wake huingia ngozini. Anikeni nepi kambani juani, kisha zipigeni pasi pande zote mbili. Yuko pia mdudu mwembamba, mwekundu kwa mweusi, ajaye taani wakati wa mvua. Akitua juu ya mtoto msimponde, maana maji yake huunguza. Mpeperusheni, muoshe mahali pale kwa sabuni.

Neno moja la kuangalia: kumkinga mtoto si kumfungasha. Nilimwona mama mmoja kijana aliyemzungushia mwanawe blanketi mchana wa joto, na shingo yake imejaa harara. Mvisheni nguo moja nyepesi ya pamba, mwogesheni, mkausheni vizuri kwenye mikunjo.

Wazazi wapenzi, mtoto hawezi kusogeza mkeka wake mwenyewe. Hajui saa, hajui mbu, hajui saratani. Mungu ametuweka sisi tumsogezee. Na ikiwa kijijini kwenu kuna mtoto mwenye ualbino, msingoje mama yake aombe. Mnunulieni kofia, mketisheni kivulini kanisani na shuleni, maana huyo ni mtoto wenu nyote.