Asembli, C na kengele iliyogoma

Wiki nzima niko na ATmega8 kama tumefunga ndoa.

Semesta iliyopita nilikuwa mtu wa asembli. Kuwasha na kuzima taa moja kila nusu sekunde nilikuwa nahesabu mizunguko kwa kalamu: DEC mzunguko 1, BRNE 2 ikiruka. Chipu inatoka kiwandani ikikimbia MHz 1, kwa hiyo rejista moja ya biti 8 inaisha kabla hata milisekunde 1 haijatimia. Inabidi upange tatu, moja ndani ya nyingine. Nikahamia C: _delay_ms(500), kwisha! Nilicheka peke yangu kama chizi.

Kicheko hakikudumu. Mradi wetu ni kengele ya tangi la maji. Boya likipanda, swichi inaita intarapti, intarapti inaandika limejaa = 1, programu kuu iliyokuwa inasubiri kwenye while inatoka na kupiga kengele. Kwenye karatasi safi kabisa. Kwenye bodi, kimya! Na Ijumaa ndo siku ya kuonyesha. Mwenzangu kashabadilisha swichi, kabadilisha waya, mpaka betri kaitukana. Mwisho akaniambia, "Kaka, rudi kwenye asembli yako, hiyo C itatufelisha." Nusura nimsikilize.

Ikabidi nifungue asembli ambayo kompaila imeitoa kutokana na C yangu. Mistari ile naijua kama njia ya kantini. LDS, yaani kusoma limejaa kutoka kwenye memori, ilikuwepo mara moja tu, tena kabla ya kitanzi! Baada ya hapo chipu inazunguka ikikagua nakala ya zamani kwenye rejista. Intarapti inabadilisha memori, huku hakuna anayeiangalia. Na kompaila wala haikukosea: niliiomba ipunguze ukubwa wa programu, na sikuiambia kwamba kuna mwingine anayeigusa limejaa. Nikaongeza neno moja mbele yake, volatile. LDS ikahamia ndani ya kitanzi. Ningekuwa nimeanza na C moja kwa moja, mpaka sasa ningekuwa nachomelea waya upya.

Nikanyanyua boya kwa kidole. Kengele ikapiga, saa nane ya usiku, jamaa wa chumba cha pili akagonga ukuta kwa kiatu.