Kushika Kulia: Kutoka Rusumo Hadi Kigali

Barabara ya Kahama kwenda Rusumo ni ya malori. Kuanzia Nyakanazi tulifuatana na semi-trela zinazopeleka Kigali mizigo ya bandari ya Dar es Salaam. Tuliposimama Benaco kunywa chai, dereva mmoja wa makamo aliutazama usukani wa gari langu, ulio kulia kama wa magari yote ya kwetu, akaniambia: “Mdogo wangu, kule wanashika kulia. Kilomita za mwanzo usiziogope, utakuwa makini mwenyewe. Ogopa ukishazoea.”

Pale Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika mahali pamoja, tangu kituo na daraja jipya la Mto Kagera vilipozinduliwa mwaka 2016. Nilikuwa na pasipoti, leseni, kadi halisi ya gari na bima ya COMESA, maarufu kama kadi ya njano. Bima hiyo ikate kabla hujaondoka nyumbani. Anayeendesha gari lisilo lake abebe na barua ya mwenye gari. Mifuko ya plastiki usiingie nayo; Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008. Saa nayo irudishe nyuma saa moja.

Baada ya daraja nikahamia kulia, na maneno ya yule dereva wa Benaco yakaanza kujidhihirisha. Barabarani ni rahisi, maana unayafuata magari yaliyo mbele yako. Kazi iko unapotoka kituo cha mafuta au njia ndogo isiyo na gari hata moja: mikono inakuvuta kushoto, ulikozoea tangu ulipojifunza kuendesha. Kwenye mzunguko, kumbuka kuwa unaingia kwa kukata kulia, kisha unazunguka kinyume cha mshale wa saa.

Gumu kuliko yote ni kulipita lori. Usukani ukiwa kulia na wewe umeshika kulia, lori lililo mbele linakuziba kabisa. Mke wangu, aliyekaa kushoto, ndiye aliyekuwa akiiona njia. Tulikubaliana mapema: asiposema “pita,” sipiti. Milima ya kuelekea Kibungo ina kona nyingi, na mara nyingi tulibaki nyuma ya lori hadi njia iliponyooka. Hatukupoteza chochote, kwa sababu mwendo wa juu kwenye barabara kuu ni kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi vibao hushusha hadi 60 au 40. Kamera ziko nyingi, na faini haijali kwamba wewe ni mgeni.

Tulipita Kayonza na Rwamagana, tukaingia Kigali jua bado liko juu, kama tulivyokusudia. Sababu ni kwamba taa za magari yetu zimetengenezwa kumulika zaidi upande wa kushoto. Ukishika kulia usiku, zinampiga machoni anayekuja. Epuka pia asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi: ni wakati wa umuganda, kazi za pamoja za wananchi, na safari za magari husimama kwa saa kadhaa.

Unayekwenda na gari lako, safiri mchana, mweke kiti cha mbele mtu unayemwamini, na kila unapoliwasha upya jikumbushe kwa sauti: kulia. Barabara za Rwanda ni nzuri na wenyeji wanaziheshimu sheria zake. Mgeni naye aziheshimu, afike salama.