Cheni Ilikatika Njiani

Mimi ni mkulima. Nina baiskeli moja aina ya Phoenix. Baiskeli hiyo ndiyo gari langu. Hubeba mahindi kwenda mashineni, hubeba maji, na hubeba wagonjwa. Zamani nilijua kuipanda tu. Kuitunza sikujua. Nilisema, "Hiyo ni kazi ya fundi."

Mwaka 2019, wakati wa masika, mtoto wetu wa miaka mitatu alishikwa na homa kali usiku. Alfajiri mama yake alimfunga mgongoni, akakaa kwenye keria. Zahanati iko kilomita 9 kutoka kwetu. Tulipofika kwenye kilima cha kwanza, nilikanyaga pedali kwa nguvu. Cheni ikakatika.

Mke wangu alishuka. Akasema, "Baba, si nilikwambia cheni inalia?" Sikuwa na jibu. Ilikuwa imelia wiki mbili, nami nilinyamaza.

Tulikwenda kwa miguu. Mtoto alikuwa akitetemeka. Tulifika saa nne asubuhi. Alipimwa damu, akaonekana ana malaria. Alipewa dawa, akapona. Lakini njia nzima niliona aibu.

Kesho yake nilikwenda kwa mzee mmoja fundi. Nilimwamkia, naye akaitikia. Akaishika ile cheni, akasema, "Mwanangu, cheni hii haikukatika jana. Ilianza kukatika siku ulipoacha kuisafisha."

Alinieleza kwamba vumbi na mchanga huingia kwenye pini za cheni na kuzila kama msasa. Pini zikilika, cheni hurefuka. Cheni ndefu hula meno ya baiskeli. Ukiibadili mapema, utanunua cheni peke yake. Ukichelewa, utanunua na meno pia.

Kuipima ni rahisi. Azima futikamba ya fundi cherehani. Anzia katikati ya pini ya kwanza, uhesabu mpaka katikati ya pini ya 25. Cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi, imechakaa.

Sasa kila Jumamosi jioni naifuta cheni kwa kitambaa kikavu. Kila pini naitia tone moja la mafuta ya cherehani. Nazungusha pedali kinyumenyume, kisha nafuta mafuta yaliyobaki nje, maana hayo hushika vumbi. Naangalia yasiguse rimu, la sivyo breki hazitashika. Situmii mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka kwenye gari. Ndani yake mna chembe za chuma, na yakimwagika huharibu udongo.

Vitu vikuukuu sivitupi ovyo, wala sichomi mpira. Tyubu iliyochoka naikata kamba za kufungia mizigo. Kipande cha tairi kuukuu nakiweka ndani ya tairi lililochanika, ili tyubu isitokeze nje. Hivyo tairi hufanya kazi siku nyingine nyingi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu msomaji, baiskeli yako ikilia, usingoje. Shuka uitazame leo.

Mtoto yule sasa anasoma shule. Jumamosi mimi hushika futikamba, naye huhesabu pini. Hajakosea hata mara moja.